Land Cruiser ya zamani: anza na waya, si balbu

Ndugu, umeuliza kama ufunge mstari wa taa za LED kwenye paa kwa sababu taa za mbele hazikuoneshi mashimo ya barabara ya Sake, huku kwetu Kongo karibu na Goma, usiku. Usinunue kwanza. Washa injini na taa, upime volti kwenye betri, halafu kwenye soketi ya balbu. Kwenye gari letu betri ilisoma 13.8, soketi 11.6, na mwanga ulikuwa na rangi ya chai. Volti zikipungua asilimia 10 tu, balbu ya halojeni, ile ya kizamani yenye waya unaowaka, inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga.

Kosa liko kwenye nyaya nyembamba zilizochakaa, maana umeme wote unapitia swichi ya usukani. Fundi afunge rilei mbili (swichi zinazowashwa na umeme mdogo), moja ya taa fupi za karibu na moja ya taa ndefu za mbali, waya mnene utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Swichi ya zamani ibaki kuamsha rilei tu. Pia aondoe kutu pale waya wa hasi unaposhika bodi.

Jambo jingine, tafadhali: kama gari lilitengenezwa kwa barabara za Japani, ambako wanaendesha kushoto, taa zake fupi zinainua mwanga kushoto. Sisi tunaendesha kulia, kwa hiyo unamchoma macho motari, yaani dereva wa pikipiki, anayekuja mbele yako. Badilisha taa nzima, si balbu. Na balbu ya LED ndani ya taa ya halojeni inatawanya mwanga ovyo, mimi siiweki.