Hipokampasi ya nani inanywea haraka?

SWALI: Natumia picha za MRI za mradi wa utafiti wa Alzheimer wa Marekani, ADNI: wagonjwa 40 wa Alzheimer na wazima 40, waliopigwa picha mwanzoni, baada ya mwaka na baada ya miaka miwili. Wagonjwa 11 hawana picha ya tatu, nikawatoa. Nimepima ujazo wa hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) kwa programu ya FreeSurfer (amri ya recon-all), kisha nikajaribu kwa t-test kama ujazo umebadilika, kila kundi peke yake: wagonjwa p = 0.02, wazima p = 0.09. Niandike kwamba ya wagonjwa inapungua haraka zaidi?
Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma

JIBU: Usiandike bado. p moja kuvuka mstari (kuwa chini ya 0.05) na nyingine kukwama hakusemi lolote kuhusu tofauti ya makundi yenyewe. Tofauti hiyo ina jaribio lake: mwingiliano wa kundi na muda, yaani kama kasi ya kupungua inatofautiana kati ya makundi. Katika R (programu ya takwimu), kwa kifurushi cha lme4:

lmer(ujazo ~ kundi*miaka + umri + jinsia + fuvu + (1 + miaka | mtu), data = d)

Jibu lako liko kwenye kundi:miaka. Umri ni wa siku ya picha ya kwanza. Fuvu ni ujazo wa ndani ya fuvu. Miaka ihesabu kwa tarehe halisi, kwani aliyerudi baada ya miezi 14 si sawa na wa miezi 11.

Wale 11 warudishe. Modeli hii haidai picha zote tatu, na wanaotoweka mara nyingi ndio waliozidiwa. Ukiwatoa, mteremko (kasi ya kupungua) wa wagonjwa unalala. R ikilalamika kwamba hesabu haitulii, gawa ujazo kwa 1000 kwanza. Usikimbilie kufuta mteremko wa kila mtu, yaani "miaka" iliyo kwenye mabano ya mtu. Ukiufuta, p itapendeza kuliko inavyostahili.

Tunaloshuku zaidi ni uchakataji. recon-all ya kawaida huchukulia kila picha kama ya mtu mpya, na upungufu unaoutafuta ni asilimia chache tu kwa mwaka. Makosa madogo ya mipaka huumeza. Endelea na hatua ya -base, inayojenga kiolezo (picha ya wastani) cha mtu huyo kwa picha zake zote, kisha -long, inayopima kila picha kwa kiolezo hicho. Mwenye picha moja naye apitie humo humo. Kuvuta picha za baadaye zifuate mkao wa ya kwanza ni mtego: zilizovutwa hulainika, ya kwanza hubaki kali, na programu inakuzalia "mabadiliko".

Kagua pia mashine. Awamu ya kwanza ya ADNI ilitegemea zaidi mashine za tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), za baadaye tesla 3. Anayehama mashine katikati muwekee alama kwenye data. Wakihama wagonjwa peke yao, hakuna modeli itakayotenganisha ugonjwa na mashine.