Mtanzania mwenye viza ya kazi anaweza kumpigia kura diwani wa London?

Dada, umeeleza kwamba unaishi Newham kwa viza ya kazi na pasipoti ya Tanzania, na unahofu kwamba kujiandikisha kupiga kura kutakuharibia ukaazi wako. Hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa sheria ya Uingereza inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi humo kihalali, aliyetimiza miaka 18, kuwachagua madiwani wa manispaa yake, na hata wabunge, jambo ambalo wenzetu wengi hawalijui. (Jirani yako kutoka Burundi hana haki hiyo, kwani nchi yake si mwanachama.)

Jiandikishe mapema kwenye tovuti ya serikali, kwa sababu mlango hufungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Tangu 2023 kituoni hudaiwa kitambulisho chenye picha. Pasipoti yako ya Tanzania inakubalika, ila leseni ya udereva ya nyumbani usiitegemee. Soma pia maelekezo ya karatasi ya kura kwa makini, maana kata nyingi za London huchagua madiwani 2 au 3 kwa pamoja.