Wasomaji Wanauliza: Mkanda wa Bei Rahisi, Maji ya Bomba na Kahawa ya Bukoba

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: namna ya kupiga na kusafisha picha nyeusi na nyeupe kwa filamu bila kufilisika. Tumejibu tano.

Wataalamu, shikamooni. Nimerithi kamera ya Pentax K1000 ya marehemu babu na mita yake ya kupimia mwanga bado inafanya kazi. Mkanda wa rangi umenishinda bei. Nianze na mkanda gani mweusi na mweupe, na huo wa bei ya chini una kasoro gani? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Kuna koo mbili zinazofaa kuanzia. Ya kwanza ni Fomapan, inayotengenezwa na Foma Bohemia huko Hradec Králové, Jamhuri ya Czech, kampuni iliyoanzishwa 1921. Ya pili ni Kentmere ya Harman Technology, Mobberley, Uingereza, ambako ndiko Ilford pia hutoka. Ukiletewa mkanda wa Arista EDU Ultra kutoka Marekani, jua kwamba ni Fomapan iliyovalishwa kanzu nyingine. Usiununue pamoja na Fomapan ukidhani unalinganisha vitu viwili.

Kasoro ya kwanza ni namba ya boksi, yaani ISO, inayoeleza wepesi wa filamu kushika mwanga. Ile 400 ya Fomapan 400 ni ya matumaini: kwa dawa nyingi za kusafishia, filamu yenyewe ina nguvu ya 200 au 250 hivi, basi weka mita yako kwenye 200. Ukiiamini 400, sehemu za kivuli zitatoka tupu kwenye negatifu na hakuna skana itakayozifufua. Fomapan 100 haidanganyi sana. Iweke 80 au 100. Kentmere 400 hukaa karibu zaidi na namba yake, kwa hiyo kama unapiga ndani ya nyumba au jioni, hiyo ndiyo tungekuchagulia.

Kasoro ya pili ni mng'ao. Filamu huwekewa kinga ya kuzuia mwanga uliopenya utando wa dawa usigonge plastiki ukarudi. Kwenye mikanda hii ya bei rahisi kinga hiyo ni hafifu kuliko kwenye ile ghali, na matokeo yake taa, dirisha au jua juu ya maji huvuja na kuzungukwa na ukungu mweupe. Wapo wanaoupenda ukungu huo. Usipoupenda, usimweke mtu mbele ya dirisha.

Kuhusu mwanga, kanuni ya zamani inatosha: jua kali, tundu la lenzi f/16, na kasi ya shata inayokaribia namba ya filamu. Kwa ISO 100 ni 1/125 ya sekunde. Lakini jua letu la saa sita liko utosini, macho yanazama chini ya kofia, hivyo fungua lenzi hatua moja zaidi (yaani mwanga mara mbili), au mlete mtu barazani. Mita ya K1000 hupima wastani wa fremu nzima na kudhani dunia yote ni ya kijivu. Ukielekeza kwenye kanzu nyeupe au ukuta wa chokaa, itakupunja mwanga. Fungua hatua moja na nusu hadi mbili. Uso wa mtu mweusi ukijaza fremu, itafanya kinyume: itakupa mwanga wa ziada, basi funga nusu hatua hadi moja. Ukiwa na shaka, ongeza, kwa sababu negatifu nyeusi na nyeupe huvumilia ziada ya hatua moja bila tatizo, ila upungufu hauvumilii.

Nunua mikanda mitatu ya aina moja, wala si aina tatu tofauti. Na kifuniko cha lenzi kisikae mfukoni: mita ya K1000 haina swichi, kiza ndicho kinachoilaza, na lenzi ikibaki wazi betri inakwisha kabla ya mkanda.

Nimesafisha mkanda wangu wa kwanza nyumbani, Fomapan 100 kwa dawa ya Rodinal, dakika tisa kama nilivyoelekezwa. Negatifu imetoka nyeusi tii, na kando ya matundu kuna michirizi. Maji ya bomba kwetu yana nyuzi 29. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Dakika tisa ni za nyuzi 20. Kila maji yanapozidi nyuzi moja, muda hupungua kwa karibu asilimia 10, hivi kwamba dakika 10 za nyuzi 20 huwa kama 7 kwenye nyuzi 24. Kwa nyuzi 29 ungetakiwa kumwaga baada ya dakika nne tu. Hapo pana mtego mwingine: muda ukishuka chini ya dakika tano, sehemu iliyofikiwa na dawa kwanza huiva kabla ya nyingine na picha hutoka na madoa. Kupunguza muda peke yake, basi, hakukusaidii. Poza dawa.

Usihangaike kufika 20. Kwa Pwani nyuzi 24 zinatosha. Weka chupa za dawa na maji ya kusuuzia kwenye beseni, tia barafu iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, subiri. Kipimajoto cha homa hakifai kwa sababu huanzia nyuzi 35 hivi. Tumia cha jikoni chenye ncha ya chuma. Dawa zote na maji ya kusuuza yatofautiane kwa nyuzi mbili au tatu tu. Ukitoa mkanda kwenye dawa ya nyuzi 24 ukautumbukiza kwenye maji ya 30, utando hulainika na kuvimba, kucha ikiugusa unachunika, na tofauti ikiwa kubwa zaidi hujikunja mikunjo midogomidogo kama ngozi ya chura.

Kwa tangi (chombo cha kusafishia kisichopitisha mwanga) la mkanda mmoja wa milimita 35 unahitaji mililita 290 hivi. Chukua Rodinal mililita 6 kwa sindano ya duka la dawa isiyo na ncha, ongeza maji mpaka 300, na hapo una sehemu 1 kwa 49, ambayo kwa kazi hii ni sawa na 1+50 ya maelezo. Fomapan 100 kwa nyuzi 24 ianze na dakika 6 na robo. Chupa ya mililita 500 kwa hesabu hiyo inasafisha mikanda zaidi ya 80, na ikiwa imefungwa vizuri hukaa miaka. Ndiyo maana dawa hii iliyoanza kuuzwa 1891 bado inapendwa na wenye mfuko mwepesi. Chembe zake huonekana, hilo tulikubali.

Michirizi yako ya kando ya matundu inatokana na kutikisa kwa nguvu: dawa hupita kwenye matundu kwa kasi na kuivisha ukingo zaidi. Sekunde 30 za kwanza pindua tangi taratibu mfululizo, kisha mara nne mwanzoni mwa kila dakika. Kila ukimaliza, ligonge tangi mezani ili mapovu yang'oke, la sivyo utaona vijiduara visivyo na picha.

Ukimwaga dawa, suuza kwa maji yenye siki nyeupe, sehemu moja ya siki kwa tatu za maji, nusu dakika. Halafu fiksa, dawa inayoyeyusha fedha isiyo ya picha ili mkanda usiharibike mwangani. Kabla ya yote, chukua kile kipande cha mwanzo wa mkanda ulichokata, kitie kwenye fiksa mwangani na uhesabu sekunde mpaka kiwe angavu. Muda wa kufiksa ni mara mbili ya huo. Siku muda wa kung'aa ukifika maradufu ya ule wa fiksa ikiwa mpya, itupe, lakini si karibu na kisima, kwa maana ina fedha iliyoyeyuka.

Maji yakiwa ya mgao, usiuache mkanda chini ya bomba nusu saa. Jaza tangi, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua 10, mwaga. Jaza, pindua 20, mwaga. Njia hii ya Ilford inatosha kabisa kwa fiksa isiyo ya kugandisha utando. Suuza la mwisho liwe la maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri. Soma chupa vizuri: maji, si asidi.

Nimepeleka Kentmere 100 kwenye studio moja ya picha za rangi mjini, nikarudishiwa mkanda mweupe kama plastiki. Wanasema kamera yangu ni mbovu. (Msomaji, Nairobi)

Kagua ukingo wa mkanda. Jina la filamu na namba za fremu huchapwa kwa mwanga kiwandani. Yakionekana na picha hakuna, basi dawa ilifanya kazi na lawama ni ya kamera, au mkanda haukushika kwenye roda ya kuvutia na haukusogea. Yakiwa yamefutika nayo, kamera haina hatia.

Tunachodhani ni kwamba mkanda uliingizwa kwenye mashine ya rangi. Katika mkanda wa rangi, picha hubebwa na wino, na fedha huondolewa yote mwishoni. Mkanda mweusi na mweupe hauna wino huo. Fedha ndiyo picha. Ikiondolewa, umebaki na plastiki, na hakuna namna ya kuirudisha. Ukitaka mkanda mweusi na mweupe unaoweza kupita mashine ya rangi, upo Ilford XP2 Super, ambao umetengenezwa hivyo makusudi. Mingine yote andika kwa kalamu nene juu ya kikopo: SI RANGI.

Je, ni kweli mtu anaweza kusafisha filamu kwa kahawa? Huku kwetu kahawa haikosekani. (Msomaji, Bukoba)

Ni kweli, na uko mahali pazuri. Kafeini haihusiki, kinachofanya kazi ni asidi zilizomo ndani ya kahawa, na robusta inazo nyingi kuliko arabika. Kahawa ya papo kwa papo inayotengenezwa hapo hapo kwenu inafaa kuliko zile ghali za kuagiza. Isiwe na maziwa, sukari wala tangawizi.

Kwa lita moja: magadi ya kufulia makavu, yaani sodiamu kaboneti, gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, kahawa gramu 40. Kwa tangi la mililita 300 ni gramu 16, 5 na 12. Yeyusha magadi kwanza yaishe kabisa, kisha vitamini, ambayo itatoa mapovu, na kahawa mwisho. Acha dakika tano ikae. Muda ni dakika 15 kwa nyuzi 20, au 10 na nusu kwa nyuzi 24. Itanuka vibaya, fungua madirisha. Tumia mara moja, mwaga.

Wengi hukwama kwenye magadi. Magadi ya mawe ya sokoni ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti, ukali wake ni mdogo, na ukipima gramu 16 za hayo utapata negatifu hafifu kama kivuli cha moshi. Baking powder haifai hata kidogo. Kama huna kaboneti safi, chukua baikaboneti tupu, itandaze kwenye sinia, ioke kwa nyuzi 200 muda wa saa moja. Hewa na mvuke hutoka, na gramu 100 hubaki 63 hivi. Ikiwa mizani inasema 80, rudisha jikoni.

Vidonge vya vitamini C vya kutafuna vina sukari na rangi. Tafuta unga mtupu. Na anza na mkanda wa ISO 100: kahawa huacha doa la kahawia juu ya filamu nzima, na ya 400 huongeza ukungu wake juu ya doa hilo. Fiksa utaihitaji vilevile, kahawa haiwezi kazi hiyo. Penye uhaba wa fiksa, sodiamu thayosalfeti inayouzwa kwa kuondolea klorini maji ya samaki wa mapambo hufanya kazi, gramu 200 hadi 250 za fuwele kwa lita. Ni ya polepole. Kile kipimo cha kipande kitakuambia dakika ngapi.

Kaka yangu anakuja Muscat kutoka Ulaya na nimemwagiza Fomapan ya kukata mwenyewe, lile roda la mita 30. Tuzingatie nini? Napenda kupiga usiku pia. (Msomaji, Muscat)

Asiiweke kamwe kwenye begi la kupakiwa ndegeni. Aibebe mkononi, na aombe kwa upole ikaguliwe kwa mkono, hasa penye mashine mpya za kuchanganua begi pande zote, kwa kuwa hizo huunguza filamu hata ya ISO 100. Roda likifika, liweke kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na ukilitoa lisubiri saa kadhaa kabla ya kulifungua, vinginevyo unyevu wa Muscat utaganda juu yake.

Mita 30 na nusu hutoa mikanda 18 au 19 ya picha 36. Vikopo vya kuutilia mkanda omba studio, wanavitupa. Acha kimkia cha filamu ya zamani na uungie hapo kwa selotepu. Kitambaa cha mdomo wa kikopo kikiwa na mchanga kitachora mstari mrefu kwenye kila picha, kwa hiyo usitumie kikopo zaidi ya mara chache. Ukiwa na kamera inayojisomea namba ya filamu, kumbuka itasoma alama za kikopo cha zamani na si za mkanda ulioutia.

Kwa usiku, Fomapan 100 huchoka haraka: kadiri shata inavyokaa wazi, ndivyo filamu inavyopungua nguvu ya kushika mwanga. Mita ikisema sekunde 1, ipe 2. Ikisema 10, ipe 80. Ikisema 100, ipe 1600, karibu dakika 27. Ilford HP5 Plus kwa sekunde 10 huhitaji 20 tu, kwa hiyo kwa kazi ya namna hiyo mkanda ghali unaweza kukugharimu kidogo. Na kwenye hiyo mikanda ya kukata, fremu mbili za mwisho usizipigie kitu cha maana, kwa sababu pale ulipounganishia selotepu palikwisha kuona mwanga.