Madogo wa ovakloki, kabla hujagusa volteji tena njoo tuongee

Juzi dogo mmoja kaja kijiweni kabeba keisi begani kama gunia la mkaa, jasho linamtoka, anasema bro ovakloki (kuipa prosesa spidi kupita ya kiwandani) imegoma, inaganda kila baada ya dakika kumi. Nikamuuliza umebadilisha nini. Akaanza kutaja: maltiplaya (namba inayozidishwa kupata spidi ya prosesa), Vcore (volteji ya prosesa), LLC (inayozuia volteji isishuke mzigo ukija), XMP (spidi ya juu ya ramu iliyopangwa tayari), volteji ya SOC (upande wa prosesa wenye kidhibiti cha ramu) nayo kaipandisha kwa sababu kuna mtu kwenye video kafanya hivo, na juu ya hapo kapiga Windows upya mara mbili. Yote jioni moja. Nikamuuliza, ilianza kuganda baada ya kipi kati ya hivyo? Akaniangalia kama nimemuuliza jina la babu wa babu yake.

Huyo ni wa tatu mwezi huu. Nawapenda sana ila mnanichosha, kwa hiyo naandika mara moja, wa nne akija namtumia hii na mi naendelea na chai yangu.

1. Rudisha stock kwanza, yaani ilivyotoka kiwandani. Ingia biosi, ile menyu ya mipangilio ya bodi, load defaults, zima na XMP, tumia mashine siku mbili tatu na kazi zako za kawaida. Ikikrashi bado, ugonjwa hauko kwenye ovakloki, acha kuitesa prosesa. Ikitulia, rudisha kimoja kimoja. Hapa ndio kila mtu ananibishia "bro XMP si ovakloki". Ni ovakloki. Prosesa ya Ryzen 5 5600X kwa mfano, AMD wanaoitengeneza wanaihesabia ramu ya spidi ya 3200, we ukichomeka ya 3600 na kuwasha XMP umeshambebesha kidhibiti cha ramu kilichomo ndani ya prosesa mzigo ambao kiwandani hawakumuahidi mtu, mara nyingi kinabeba, siku nyingine hakibebi. Dogo wa keisi begani ndicho kilichomkuta: tulivorudisha maltiplaya ikatulia, Vcore ikatulia, tulivowasha XMP tu ikaganda. Jioni nzima anaipandishia prosesa volteji kwa kosa ambalo halikua la kwake.

Wenye Intel za kizazi cha 13 na 14, nyie mna kesi yenu, zile zinaweza kukrashi hata zikiwa stock kabisa. 2024 Intel wenyewe walikubali kwamba volteji ilikua inapanda kupita kiasi na kuzichosha taratibu, wakatoa microcode (maelekezo ya ndani ya prosesa, yanakuja na biosi) 0x129 mwezi wa nane na nyingine ikafuata. Weka biosi mpya leo, usisubiri. Ila iliyokwisha kuchoka haiponi kwa biosi, hiyo fuatilia waranti, waliiongeza miaka miwili.

2. Badili kitu kimoja, testi, andika. Daftari, sio kichwani. Enzi zangu za prosesa ya Intel 2500K nilikua na daftari la shule la kurasa 96, mistari ya spidi, volteji na matokeo, kama "45 x 100, 1.32, sawa. 46, 1.34, bluu 0x124. 46, 1.37, sawa ila moto." Bluu ni ile skrini ya bluu Windows ikikrashi. Wife akalikuta siku moja akanuna wiki nzima, alijua ni mikeka ya kubeti. Nilivomuelezea kwamba nachezea volteji za prosesa akasema bora ingekua mikeka, kuna siku ingeliwa hata elfu kumi. (Na we ambae bado una Sandy Bridge, familia ya hiyo 2500K, usiguse base clock (ile 100 inayozidishwa na maltiplaya), iache 100, ile imeungwa na SATA na PCIe, njia za disk na kadi, utakuja kulia na disk.)

3. Kupita testi sio kutulia. Hii naomba mkae.

2021 kuna braza anashuti na kuediti harusi, nikamjengea mashine ya 5600X. Mashine ilikua nzuri vilevile ilivyo. Ila mi ndo nilikua nimeijua Curve Optimizer, ile ya kuikata volteji kori moja moja (kori ni vichwa vya kazi ndani ya prosesa), kichwa kimevimba, nikawasha PBO, ile ya kuiachia prosesa ijiongeze spidi, nikaongeza 200 MHz, nikapiga minus 30 kori zote sita. Sita zote! Nikaachia Prime95, programu ya kuitesa prosesa, usiku mzima, masaa 12, asubuhi hakuna kosa hata moja, joto zuri, alama za spidi za Cinebench zimepanda. Nikapiga skrinshoti nikaweka status. Nikamkabidhi mteja wa watu na kifua mbele.

Wiki ya pili anapiga. "Fundi, mashine imejizima ikawaka yenyewe." Ilikua inafanya nini? "Haifanyi kitu, nilikua nakula." Nikamwambia ni umeme wa mtaani kwenu huo, nunua UPS. Akanunua. Ikarudia. Nikasema basi ni saplai ya umeme ya ndani ya keisi, nikamuuzia ya wati 650 yenye jina. Ikarudia. Nikamchomolea ramu, testi ya ramu ya MemTest86 raundi nne safi kabisa, nikambadilishia tu hivohivo ili nionekane nimefanya kazi. Na kila mara nilikua na jibu la kujifariji: si ana-exporti harusi ya masaa matatu kori zote zipo asilimia 100 na inamaliza vizuri? Prosesa haiwezi kua na shida. Ninayo skrinshoti.

Sasa tatizo la minus 30 liko hapa, na madogo wengi hamlijui mpaka leo. Kori zote zikibanwa na mzigo, prosesa haifiki kileleni, joto na ukomo wa wati vinaishusha, kwa hiyo Prime95 inakupima mahali ambapo hapana hatari. Mashine ikiwa imekaa tu, halafu kikazi kidogo kikaamka, kufungua folda, kukopi faili, kori moja inaruka peke yake mpaka 4.85 GHz, huku umeikata volteji. Kila hatua moja ya Curve Optimizer ni kama milivolti 3 mpaka 5, piga mara 30 uone umeinyima kiasi gani. Hapo ndipo inapoanguka. Ndio maana ilikua inajiristati mwenyewe yuko mezani anakula.

Ikaja sendoff. Ijumaa kashuti, usiku kahamishia kwenye mashine, kadi akazifomati kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Jumapili anahamishia kwenye disk ya nje, fomati ya exFAT, ambayo haina kumbukumbu ya kujirekebisha ikikatishwa katikati ya kuandika. Na hakukopi, alikata na kubandika, kwa sababu ndani nafasi imejaa. Katikati, paa, mashine imejiristati. Kuwaka, disk ya nje inaomba ifomatiwe.

Alikuja kwangu hajapiga hata simu. Tulikesha na programu za kurudisha faili siku mbili, tukapata vipande vingi, vingine picha bila sauti, vingine sauti bila picha. Kipande cha bibi harusi kumlisha mama yake keki hakikupatikana.

Nikasema twende wote kwa kina bibi harusi, siwezi kumwachia peke yake. Tumekaa kwenye kochi, tumeletewa soda, soda yenyewe hainyweki. Mama mzazi wa binti hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kaniuliza taratibu, "Mwanangu, hiyo kompyuta ilikua mbovu tangu lini?" Na mi jibu nilikua nalo, tangu nilipoiongezea spidi, lakini nilisema tu "Mama, tunaomba radhi sana." Tulirudisha pesa, nusu yake na nusu yangu.

Usiku huo ndo kwa mara ya kwanza, narudia, kwa mara ya kwanza, nikafungua Event Viewer, pale Windows inapoandika makosa yake. WHEA-Logger (makosa ya vifaa), ID 18, Cache Hierarchy Error, Processor APIC ID 4. Nashuka chini: 4. Nashuka: 5. 4. 4. 5. Miezi miwili mashine inaandika jina la mwizi na mi nawakamata majirani. Kwenye prosesa ile kila kori ina namba mbili za hivyo, gawanya kwa mbili, 4 na 5 zote ni kori namba 2, ukianza kuhesabu na sifuri. Nikaiangalia kwenye Ryzen Master, programu ya AMD, ina nyota. Yaani ndio kori bora kuliko zote, na kori bora ndio mara nyingi haina cha kukatwa, kwa sababu kiwandani tayari wameipa volteji ndogo kwa spidi kubwa. Mi nikaikata sawa na zile goigoi.

Mashine ya braza niliitoa kila kitu, iko stock mpaka leo. Ya kwangu nilipima kori moja moja na CoreCycler, wiki nzima, ile yenye nyota ikakubali minus 6 tu, zingine zimefika 20 na kitu. Tofauti ya spidi ukiwa unatumia? Sijaiona.

Na UPS ile anaishukuru hadi kesho, umeme ukikatika ananipigia kunisifu. Sijawahi kumwambia.

4. Joto. Umetesti kijiweni AC imewashwa kwenye 20, mteja anakaa chumba cha bati Februari, nje 32, ndani usiseme. Chumba kikipanda nyuzi 12 na prosesa inapanda karibu hizo hizo. Kuna jamaa nilimrudishia mashine mara tatu, kwangu inapita, kwake inakrashi, mpaka nikaenda nyumbani kwake nikakuta keisi imeingizwa ndani ya kabati la TV na mlango wa kioo umefungwa, juu kuna kitambaa cha kufuma. Nikamwambia afungue mlango. Mama yake akasema vumbi. Tukakubaliana kushusha 200 MHz.

5. Vingine vya harakaharaka maana chai inapoa:

Ile Kernel-Power 41 ya kwenye Event Viewer msinitumie tena, inasema tu mashine ilizimika ghafla, hilo nalijua, ndio maana umekuja.

LLC usiisukume mpaka mwisho, mzigo ukiachia volteji inaruka juu, na soma mchoro wa bodi yako kwanza, kuna bodi level 1 ndio kali na kuna bodi level 1 ndio pole.

Ukiona Ryzen inasoma volti 1.45 imekaa tu bila kazi, tulia, ndivyo zilivyo zikiwa kwenye kikazi kidogo, usikimbie kufunga Vcore.

Isipowaka kabisa, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 iliyo kwenye bodi dakika kadhaa, rudisha. Msiseme bodi imekufa kabla ya hapo.

Ukishatulia piga sfc /scannow, amri ya kukagua na kurekebisha faili za Windows, ule muda wote wa kukrashi Windows nayo imeumia.

Na kabla ya yote, faili za mteja zikae sehemu mbili. Sio zako, ni za mteja.

Yule dogo wa keisi begani jana usiku kanitumia meseji saa sita na nusu: "Bro nimerudisha XMP kwa 3400 na nimeongeza 100 MHz imetulia kabisa, nimetesti dakika tano." Vitu viwili kwa mpigo. Nimemjibu kesho aje na daftari.