Cherehani ya akiba, tafuta ya chuma

Kwa anayeuliza achukue cherehani gani iliyotumika ya kukaa nayo akiba ile kubwa ikigoma, mi ningesema zile za zamani za mshono wa kunyooka, gia za chuma, maana gia za plastiki zikikaa miaka mingi zinaweza kupasuka zenyewe. Ukienda kuikagua, nenda na kitambaa chako na uzi wako. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole, ikiwa nzito usikimbie, saa zingine ni mafuta tu yameganda, ila ikigonga chuma kwa chuma achana nayo. Halafu shona jinzi mikunjo minne ugeuze uangalie chini, uzi ukijaa vitanzi, tunga upya uzi wa juu kabla hujaikataa. Na pliiz iwe inatumia sindano 15x1 (zile za kawaida za cherehani za nyumbani) na bobini za kawaida, yaani vile vigurudumu vya uzi wa chini, hizo hazisumbui kupata.