Gari la Rimoti Linatoka Ukungu Mtupu

SWALI: Habari za kazi, kaka? Wanangu hushindanisha vigari vya rimoti ukumbini hapa Ntinda, Kampala. Nikipiga picha, sakafu inatoka safi ila gari ni mkwaruzo wa rangi. Lenzi yangu ni milimita 50, na tundu lake la mwanga hufunguka hadi f/1.8. Nakosea wapi?
Mama wa wawili, Ntinda

JIBU: Nzuri, dada. Lenzi hiyo inatosha, usikope pesa kununua nyingine. Weka f/2, kasi ya shata 1/800 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 6400. Chengachenga, yaani vidoti vidoti, zitaonekana pichani, lakini afadhali chenga kuliko ukungu.

Halafu usiwinde gari ukumbi mzima. Chagua kona moja ambapo lazima lipunguze mwendo, lenga fokasi sakafuni linapopita, kisha ulale kifudifudi nyuma ya kizuizi. Mimi hutandika leso. Gari la kipimo cha 1:10, yaani dogo mara kumi kuliko gari halisi, lina urefu wa sentimita 40 hivi. Ukilipiga umesimama, unapata paa tu. Kutoka chini unaona springi za upande mmoja zimebonyea na tairi la ndani linanyanyuka. Hapo ndipo penye mbio!

Mistari ya giza ikitokea pichani, ni taa. Umeme wetu ni hezi 50, hivyo taa nyingi za mirija hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shusha kasi ya shata hadi 1/100. Kwa kasi hiyo gari litarudia ukungu, hivyo hapa simama, ulifuate kwa kamera ukizungusha kiuno. Nikipata picha tatu nzuri kati ya 30, narudi nyumbani nimeridhika.

Flashi izime kabisa. Mwanga ukimpiga machoni mtoto aliyeshika rimoti, gari lake linaishia ukutani.