Barua kwa mwanangu: habari ya ile keki

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema hii ni wiki ya tatu tangu uambiwe una kisukari, na unataka kujua kama uwaambie wenzako kazini au unyamaze. Nitafika huko. Kwanza nikueleze habari ya keki, maana shangazi yako mpaka leo anaisimulia kwa namna yake.

Ilikuwa harusi ya binamu yako, mimi nina miezi minne tu kwenye dawa. Si dawa kama yako. Hiyo metformini uliyoandikiwa, ikiwa peke yake, ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Itakusumbua tumbo zaidi, ndiyo maana wanakuambia uimeze na chakula. Yangu ilikuwa ya kulisukuma kongosho litoe insulini, umekula hujala. Nikaimeza saa sita, nikijua chakula kiko njiani. Kumbe hotuba! Yule mzee alikishika kipaza sauti kama amerithishwa.

Kufika saa nane, jasho la shingoni, vidole vinatetemeka, sauti za watu nazisikia kwa mbali. Nikajua sukari imeshuka. Kilichokuwa karibu ni keki. Kipande kiko mkononi, hakijafika mdomoni, shangazi yako akanipokonya mbele ya meza nzima: "Huyu ana sukari! Mnataka kumuua?" Watu wakacheka. Ulimi umekuwa mzito, nikashindwa hata kumjibu. Kile kicheko nakisikia hadi leo.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Uliniangalia mikono, si uso, mikono, ukaondoka bila neno, ukarudi na soda yenye sukari yake, ukanishikia mrija. Robo saa baadaye nikatoboa kidole, nikapima sukari: 3.4, bado iko chini, na hapo ndiyo inapanda! Nani alikufundisha? Si mimi. Mimi nyumbani nilikuwa napima mlango umefungwa.

Unajua ninavyosema siku zote: kidole ni changu. Anayetobolewa ndiye mwenye namba. Lakini kila nikikumbuka siku ile najipinga mwenyewe. Nisingemwambia shangazi yako chochote, ningekula keki yangu kwa amani. Ningemwambia yote, angenisukumia kipande cha pili. Mimi nilimpa nusu: kwamba sukari hupanda. Kwamba hushuka pia, na ikishuka dawa yake ni sukari hiyo hiyo, sikumwambia. Sasa kosa ni la nani? Lake. Haya, na langu kidogo.

Lakini ukiwaambia wenzako yote, kesho ukinyoosha mkono kwenye biskuti utasikia mtu anakohoa nyuma yako. Nimeishi hivyo miaka. Inachosha kuliko kujitoboa.

Na kuficha nako nimekujaribu, hata kwa daktari. Nilikuwa najinyima wiki nzima kabla ya kliniki ili namba ipendeze. Akaangalia kipimo cha miezi mitatu, akatabasamu tu. Chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, na sukari iliyo kwenye damu hujishikiza humo. Wiki moja ya utakatifu haifuti kitu. Nilitoka mle nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa kabatini.

Halafu hiyo uliyoniandikia, ya kulala na sukari ya 6.8 ukaamka na 8.2 hujala kitu, usijilaumu. Alfajiri ini hutoa sukari yake lenyewe, kukuamsha. Iandike, umwonyeshe daktari. Na utoboe ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati. Katikati ndipo panapouma.

Sasa uwaambie, usiwaambie? Jibu ninalo, linaniwasha ulimini, ila kidole ni chako. Labda mmoja. Yule anayekaa karibu nawe na si mwepesi wa kucheka. Tena umwambie na habari ya kushuka, maana dawa hubadilishwa. Nimesema labda.

Shangazi yako amesikia, usiniulize kwa nani. Anataka namba yako mpya ya simu akupe ushauri. Nimemwambia simu yangu imeisha chaji. Nimpe?

Baba yako